Malungu ya Ufipa Yasing'olewe

Ndugu zetu wa visiwani, waijuao dira, watatuelewa upesi tukisema kwamba udongo nao huweza kushika kaskazini. Huku kwetu Kasense, katika nyanda za Ufipa, wahunzi wa kale waliyeyusha chuma kwa malungu, yaani matanuri ya udongo yenye kimo cha mita 3 hivi, yaliyovuta upepo yenyewe bila mivukuto. Udongo huo una chembe za chuma. Ukichomwa kupita nyuzi 580 za Selsiasi, kisha ukapoa, chembe hizo huhifadhi mwelekeo wa usumaku wa dunia wa siku ile. Na kwa kuwa usumaku huo huhamahama karne hata karne, mtaalamu aweza kukadiria moto ulizimwa lini. Ukuta ukishang'olewa, mwelekeo umepotea. Maofisa wa ardhi na kilimo wayawekee mipaka malungu yaliyosalia kabla trekta halijapita.