Miswada 8,000, Siku 140

Bunge la Texas hukutana kwa kikao cha kawaida mara moja kila miaka miwili, katika mwaka witiri, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari. Katiba ya jimbo hairuhusu kikao hicho kuzidi siku 140. Kikao cha 89 kilifunguliwa Januari 14, 2025 na kufungwa Juni 2. Jimbo lenyewe lina watu zaidi ya milioni 30 na kaunti 254, na bajeti inayopitishwa hapo ni ya miaka miwili mizima. Wanaotunga sheria ni watu 181: wawakilishi 150 na maseneta 31. Mwaka 2023 waliwasilisha miswada zaidi ya 8,000, na iliyopita mabaraza yote mawili haikufika 1,300. Anayetaka kuielewa miswada mipya inayotangazwa Austin, makao makuu ya jimbo, aanze na hesabu hiyo. Muswada mpya, kwa kawaida, ni muswada utakaokufa. Na mara nyingi hautaangushwa kwa kura bali utaishiwa na muda.

Msomaji aliyezoea Bunge la Dodoma ataona tofauti tangu mlangoni. Dodoma miswada mingi sana huletwa na Serikali, mawaziri ndio huiwasilisha, na muswada binafsi wa mbunge ni jambo la nadra. Texas gavana hana kiti bungeni wala haki ya kuwasilisha muswada. Akitaka sheria, hana budi kutafuta mwakilishi au seneta atakayeibeba kwa jina lake. Haki hiyo anayo kila mjumbe, awe wa chama kinachotawala au cha wachache, awe mkongwe au ameapishwa juzi. Ndiyo maana miswada ni mingi kiasi hicho, na ndiyo maana wingi wake hauelezi mengi kuhusu mwelekeo wa jimbo. Mjumbe anaweza kuwasilisha muswada akijua fika kwamba hautapita: apate la kuwaambia wapiga kura wake, aweke wazo mezani kwa ajili ya miaka ijayo, au awe na kitu cha kubadilishana na wenzake mambo yatakapokuwa magumu mwezi Mei.

Mshahara wa mjumbe ni dola 600 kwa mwezi, kiwango kilichoandikwa katika Katiba, pamoja na posho ya siku za kikao. Kwa hiyo wengi wana kazi nyingine: mawakili, wafugaji, wafanyabiashara, wastaafu wenye akiba. Watu wa namna hiyo hawawezi kuketi na kuandika vifungu vya sheria wenyewe. Kazi hiyo hufanywa na ofisi ya bunge iitwayo Texas Legislative Council, yenye wanasheria wasioegemea chama chochote, ambao hupokea wazo la mjumbe na kuligeuza kuwa lugha ya sheria. Wazo lenyewe huweza kutoka popote: kwa mpiga kura mwenye kero, kwa halmashauri ya mji, kwa chama cha walimu, au kwa washawishi wanaolipwa na makampuni, ambao mara nyingi hufika na rasimu iliyokwisha kuiva.

Uwasilishaji huanza kabla ya kikao. Jumatatu ya kwanza baada ya uchaguzi mkuu wa Novemba milango hufunguliwa kwa miswada ya mapema, na siku hiyo peke yake huweza kuingiza zaidi ya 1,000. Miswada ya Baraza la Wawakilishi hupewa herufi HB na ya Seneti hupewa SB, kisha namba. Namba hizi hazifai kupuuzwa. Kwa jumla hufuata zamu ya kufika, lakini namba za chini huhifadhiwa na wakuu wa mabaraza kwa mambo wanayoyataka wao. HB 1 na SB 1 kwa desturi ni bajeti. Katika Seneti, zinazofuata ni vipaumbele vya naibu gavana, ambaye Texas si mtu wa kukaimu tu bali ndiye mwenyekiti wa Seneti, na kwa macho ya wengi ana nguvu bungeni kuliko gavana mwenyewe. Mtu akikuta SB 2 na HB 4718 siku moja, anajua ni upi wa kufuatilia hata kabla ya kuifungua.

Akiifungua, atakuta mstari wa kichwa unaotaja muswada unahusu nini. Katiba inataka kila muswada uwe na jambo moja tu, isipokuwa ule wa bajeti. Kichwa huandikwa kwa lugha baridi isiyoshtua mtu, na muswada wa kubomoa idara nzima unaweza kuonekana kama marekebisho ya kawaida. Mwili wa muswada una alama zake: maneno mapya yamepigiwa mstari chini, yanayofutwa yamewekwa ndani ya mabano na kukatwa. Mzoefu huenda moja kwa moja kwenye mistari hiyo na kuacha sheria iliyopo isiyoguswa. Kisha huenda mwisho kutazama tarehe ya kuanza kutumika, na baada ya hapo hutafuta waraka wa makadirio ya gharama, unaoandaliwa na Legislative Budget Board. Waraka huo wa kurasa chache umeua miswada mingi mizuri.

Kuna hila moja ya uandishi inayostahili kutajwa peke yake. Katiba ya Texas inabana sheria zinazolenga eneo moja kwa jina. Waandishi wa miswada huzunguka kizuizi hicho kwa idadi ya watu. Mwaka 2023 ulipita SB 1750, uliofuta wadhifa wa msimamizi wa uchaguzi aliyeteuliwa katika kila kaunti yenye wakazi zaidi ya milioni 3.5. Kaunti ya namna hiyo ni moja tu, Harris, ndiko iliko Houston. Jina la Harris halikuhitajika. Houston ni miongoni mwa miji ya Marekani iliyopokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na ndani ya nyumba zao nyingi kinasemwa Kiswahili cha Kivu. Nao, kama majirani zao, walibadilishiwa ofisi ya uchaguzi na sentensi iliyotaja takwimu tu.

Baada ya kuwasilishwa, muswada husomwa mara ya kwanza. Kinachosomwa ni kichwa chake tu. Kazi halisi ya hatua hii ni kupangiwa kamati, na anayepanga ni spika kwa upande wa wawakilishi, naibu gavana kwa upande wa maseneta. Muswada uliopelekwa kwa mwenyekiti asiyeupenda hauhitaji adui mwingine, kwa kuwa mwenyekiti halazimiki kuuita. Ukiitwa, hufanyika kikao cha wazi ambapo mwananchi yeyote anaweza kujiandikisha na kusema kwa dakika chache. Jambo likiwa moto, wasemaji hupanga foleni hadi usiku wa manane. Baada ya hapo kamati kwa kawaida haipigi kura siku hiyo hiyo. Muswada huachwa ukisubiri, na mingine husubiri hadi Juni.

Katiba imegawa muda pia. Siku 60 za mwanzo ni za kuwasilisha na kusikiliza. Mwaka 2025 siku ya 60 iliangukia Machi 14, na baada yake muswada wa kawaida hauingii bila kura nne ya tano za baraza. Katika siku hizo mabaraza hayapitishi miswada, ila yale mambo ambayo gavana ameyatangaza kuwa ya dharura. Hapa ndipo gavana, asiye na haki ya kuwasilisha, hupata mkono wake. Mwezi Februari 2025 Gavana Greg Abbott aliweka katika orodha hiyo ruzuku kwa wazazi wanaopeleka watoto shule binafsi. Seneti ikapitisha SB 2 siku chache baadaye, wakati miswada mingine bado ilikuwa inapangiwa kamati.

Historia ya SB 2 inafundisha zaidi kuliko chati yoyote ya hatua za muswada. Wazo la ruzuku hiyo lilikuwa limerudi kikao baada ya kikao na kufia katika Baraza la Wawakilishi, mikononi mwa Warepublican wa vijijini ambao shule ya umma ndiyo mwajiri mkubwa wa wilaya zao. Novemba 2023, katika kikao maalumu, walishirikiana na Wademokrati kuling'oa kutoka katika muswada wa elimu. Abbott hakuandika upya vifungu. Alikwenda kupiga kampeni dhidi ya wabunge wa chama chake katika kura za mchujo za 2024, na kadhaa wakaanguka. Kikao kilichofuata kilikuwa na sura mpya, na Mei 3, 2025 alitia saini sheria yenye dola bilioni 1. Hoja zilikuwa zilezile za miaka yote. Waliozipigia kura ndio waliobadilika.

Muswada usio na mlezi wa namna hiyo hukutana na Kamati ya Ratiba, inayoamua upi ufike ukumbini na lini. Siku ya 122, ambayo mwaka 2025 ilikuwa Mei 15, ni ya mwisho kwa wawakilishi kujadili miswada yao wenyewe katika kusomwa mara ya pili. Usiku huo ni wa kupoteza muda kwa ustadi. Wapinzani wa muswada ulio nyuma kwenye orodha huuliza maswali marefu juu ya muswada wa mbele usio na ubishi, hadi saa sita ya usiku ifike. Silaha nyingine ni hoja ya utaratibu: kosa dogo la tarehe au la taarifa ya kamati likithibitika, muswada hurudishwa, na mwezi Mei kurudishwa ni kufa. Mwaka 1997 mwakilishi Arlene Wohlgemuth alitumia hoja moja ya namna hiyo kuua makumi ya miswada kwa mpigo.

Seneti ina kizuizi chake. Mwanzoni mwa orodha huwekwa muswada usiokusudiwa kupita kamwe, kwa miaka mingi ukiwa ule wa kupamba bustani za kaunti. Ili kuuruka na kufikia wowote mwingine, lazima kanuni ya zamu isimamishwe. Zamani hilo lilihitaji theluthi mbili ya maseneta, hivyo walio wachache walikuwa na sauti. Mwaka 2015 kiwango kilishushwa hadi tatu ya tano, na mwaka 2021 hadi tano ya tisa, kila mara kikifuata idadi ya viti vya chama kinachotawala.

Mabaraza yote yakikubaliana maneno yaleyale, muswada huenda kwa gavana. Ana siku 10 bila kuhesabu Jumapili, au siku 20 kama bunge limekwisha kufungwa. Akitia saini unakuwa sheria. Akinyamaza unakuwa sheria vilevile. Akitumia kura ya turufu baada ya kufungwa, hakuna wa kuipindua. Usiku wa Juni 22, 2025, dakika chache kabla ya muda kwisha, Abbott aliizuia SB 3 iliyotaka kupiga marufuku bidhaa za hempu zenye THC, kile kiini cha bangi kinacholevya. Naibu gavana Dan Patrick alikuwa ameifanya kipaumbele chake.

Miswada isiyopita haihamishiwi kikao kijacho. Lazima iwasilishwe upya, kwa namba mpya. Njia ya kuirudisha mapema ni gavana kuita kikao maalumu cha siku zisizozidi 30, ambamo bunge hutunga sheria juu ya mada alizozitaja yeye tu. Abbott aliita kimoja Julai 2025, akitaja hempu na mipaka ya majimbo ya uchaguzi ya Bunge la Marekani. Akidi ya wawakilishi ni theluthi mbili, yaani 100. Ili kuizuia mipaka hiyo, Wademokrati zaidi ya 50 waliondoka jimboni, wengi kwenda Illinois, na baraza likakaa karibu wiki mbili bila uwezo wa kufanya kazi. Kikao cha pili kilipoitwa walirudi, na mipaka ikapitishwa. Miswada ya hempu ilipita Seneti katika vikao vyote viwili na kukwama kwa wawakilishi, na Septemba gavana akatoa amri ya kiutendaji kuzuia bidhaa hizo zisiuzwe kwa walio chini ya miaka 21.