Cheo Ambacho Watu Walikikimbia

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilipata barua ya mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne hapa wilayani. Anasema kitabu chake cha historia kimejaa wafalme, mapapa na masultani wa zama za kati. Kisha anauliza swali lililonifanya niiweke barua mezani na kuisoma upya: wakati wakubwa hao wote wakigombana, sisi huku mlimani tulikuwa na siasa gani, au tulikuwa tunachunga ng'ombe tu?

Tuanze na jina lenyewe. Zama za kati ni kipimo cha Wazungu. Wanahesabu miaka ipatayo elfu moja, tangu dola ya Roma ya magharibi ilipoanguka mwaka 476 hadi kwenye miaka ya 1500. Kipimo hicho hakikukatwa kwa ajili ya Tukuyu. Wazee waliosimulia habari za watawala wa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 walihesabu vizazi, na vizazi walivyovitaja havirudi nyuma kiasi hicho. Hata hivyo, lile jambo kubwa la zama hizo lilikuwapo huku pia, na lilidumu hadi wakati wa babu za babu zetu. Mtawala alipewa utawala na dini, na dini hiyo hiyo ndiyo iliyoweza kumkaba koo.

Huko Ulaya mfano unaotajwa mara nyingi ni wa mfalme Henry IV wa Ujerumani. Aligombana na Papa Gregory VII juu ya nani mwenye haki ya kuwaweka maaskofu. Papa akamtenga na kanisa, na wakubwa wa nchi yake wakaona hawana sababu tena ya kumtii. Basi mwezi Januari mwaka 1077 mfalme yule akavuka milima wakati wa theluji mpaka ngome ya Canossa, Italia, akasimama nje siku tatu akiomba msamaha. Akasamehewa. Miaka saba baadaye akaingia Roma na jeshi lake, na Papa yule akafia uhamishoni mwaka 1085. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba toba ile ilimaliza ugomvi.

Tuje kwetu, pwani. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Kilwa ilikuwa inatajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala, na sultani huyu ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake yapo hadi leo. Ukoo wake, wa Mahdali, ulijihesabu kuwa wa masharifu, yaani wa kizazi cha Mtume. Ukoo kama huo ulikuwa hati ya kutawala, lakini pia ulikuwa deni. Ibn Battuta anaeleza kwamba sultani alikwenda kupigana na watu wa bara, na katika nyara alizoleta alitenga sehemu moja ya tano kwa matumizi yaliyotajwa katika Kurani. Masharifu walipofika kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko, aliwapa kutoka fungu hilo.

Watu walimwita Abul-Mawahib, baba wa vipawa. Maskini mmoja kutoka Yemen alimsimamisha akitoka msikitini siku ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Alipofariki akatawala ndugu yake Dawud, na huyo, kwa habari ya Ibn Battuta, alikuwa kinyume chake. Mwombaji akija aliambiwa kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutoa. Mimi husoma habari hizo kwa tahadhari kidogo, maana msafiri anayepewa zawadi huwa na macho ya huruma kwa anayempa. Isitoshe, katika mkasa ule wa nguo, mtoto wa sultani alizikomboa kwa yule maskini kwa kumpa watumwa kumi. Sifa za ukarimu tumeandikiwa. Majina ya wale kumi hatukuandikiwa.

Sasa tupande mlima. Si mbali na mji wetu wa Tukuyu kuna mahali panapoitwa Lubaga. Hapo ndipo ulipokuwa msitu wa matambiko wa Lwembe. Katika miaka ya 1930 watafiti wawili, Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, waliishi huku na kuongea na makuhani na wazee, na mengi tuyajuayo juu ya Lwembe yanatokana na kazi yao.

Lwembe hakuwa mfalme wa kuamuru majeshi. Machifu wa Kinyakyusa walikuwa wengi, kila malafyale na eneo lake, na hakuna aliyewatawala wote. Lakini mvua ikizidi au ikikosekana, ng'ombe wakifa, au chakula kikikataa shambani, machifu hao walipeleka ng'ombe wa tambiko Lubaga. Wakinga nao walishuka kutoka milima ya Livingstone wakileta majembe ya chuma, kwa maana wao ndio waliokuwa wafua chuma. Iliaminika kwamba uzima wa nchi umo katika mwili wa Lwembe. Akiwa mzima, migomba inazaa, ng'ombe wanatoa maziwa, wanawake wanapata watoto.

Hapo ndipo penye uzito, msikilizaji. Kama uzima wa nchi umo mwilini mwako, basi huruhusiwi kuugua. Lwembe akishikwa na ugonjwa mkubwa, makuhani hawakumngojea afe. Walimkata kucha na nywele angali hai, wakazizika katika tope la mto ili rutuba isiondoke naye. Kisha wakamziba pumzi. Haishangazi kwamba cheo hicho hakikugombewa. Wazee walieleza kwamba aliyechaguliwa ilibidi akamatwe, na wenye kuhisi kwamba zamu yao imekaribia walikimbia. Sisi tumezoea kuona watu wakitoa fedha ili wapate madaraka. Lubaga madaraka yalimfukuza mtu porini.

Sisemi kwamba tulikuwa na hekima kuwapita wengine. Kumziba mtu pumzi ni kumziba mtu pumzi, hata kama wanaofanya hivyo wanaombea mvua. Nasema tu kwamba hiyo ilikuwa siasa, tena siasa yenye mahesabu yake.

Hata malafyale wa kawaida hakuwa huru kufanya atakavyo. Pembeni yake walikuwapo wakuu wa vijiji waliotoka katika watu wa kawaida, nje ya ukoo wa chifu. Akionea watu, au akila nyama peke yake, wanavijiji walinung'unika jioni, na iliaminika kuwa pumzi yao ya hasira humwingia mwilini kama baridi, akaugua. Pumzi ya watu, ndivyo walivyoiita. Na mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe ya ubusoka. Moto wa zamani ulizimwa katika nyumba zote, ukawashwa mpya, na watoto wa chifu wakakabidhiwa nchi. Ilitarajiwa kwamba chifu mzee hataishi sana baada ya hapo.

Ng'ambo ya mto Songwe, Ungonde, mambo yalichukua njia nyingine. Simulizi huwataja Kyungu na Lwembe kuwa ndugu waliotoka Ukinga. Kyungu naye hapo mwanzo alifichwa juu ya kilima cha Mbande, karibu na Karonga, na akiugua alizibwa pumzi vilevile. Kisha ikaja biashara ya pembe za ndovu kupitia ziwani. Kyungu akawa mwenye pembe, na mwenye pembe akawa mwenye nguo za kugawia wakubwa wake. Polepole akatoka mafichoni, akaanza kuonekana hadharani na kutawala kweli. Mtu mwenye mali ya kugawa si rahisi kumfungia kilimani. Lwembe hakupata biashara ya namna hiyo, akabaki na utakatifu wake.

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifika Rungwe, na wale wa Berlin wakafika mwaka huo huo. Baadaye Wajerumani wakajenga boma hapa, wakapaita Neu-Langenburg. Mwingereza naye, alipoamua kutawala kwa kuwatumia machifu mwaka 1926, aliwapa mahakama na mshahara. Chifu akapata mwajiri mpya, na mwajiri huyo hakujali kunung'unika kwa jioni. Machifu walipofutwa mwaka 1963, ile kamba ya zamani kati ya mtawala na watu wake ilikuwa imekwisha kulegea kwa muda mrefu.

Kwa hiyo, mwanangu wa kidato cha nne, ng'ombe tulichunga, na wengine wao walikuwa wa kupelekwa Lubaga. Ukipata nafasi, muulize bibi yako kama aliwahi kusikia ubusoka ukisimuliwa, na moto mpya uliwashwa kwa mti gani. Mimi wangu sikumuuliza.