Kusafisha Vyuma vya Injini Nyumbani

Mtu afikaye Ogembo siku ya soko huona pikapu na lori kuukuu zikipanda vilima zikiwa na shehena ya ndizi, miwa na majani ya chai. Baadhi ya motakaa hizo zina umri mkubwa kuliko madereva wake. Udongo wa nchi ya Gusii ni mwekundu, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Basi matope hurukia injini, yakakutana na oili ivujayo katika gasketi iliyochoka, na kwa joto vitu hivyo viwili hushikamana hata vikawa kama lami. Chini ya lami hiyo ufa hauonekani, wala haijulikani oili yatokea upande gani. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kusafisha injini, na urembo huja baadaye.

Wenye magari wengi huifanya kazi hii wenyewe uani, kwa karai, brashi na matambara, ili kupunguza gharama ya fundi. Haihitaji ujuzi mkubwa. Hata hivyo yaweza kumharibia mtu nyumba yake, au ikamharibia hicho chuma alichotaka kukiokoa.

Hatari ya nyumba ni petroli. Watu huipenda kwa kuwa huyeyusha grisi upesi na kukauka bila kuacha alama. Lakini petroli hutoa mvuke uwezao kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautawanyiki juu kama moshi. Hutambaa chini, ukapita chini ya mlango wa jiko na kufika penye makaa, mwenye karai asione kitu. Wakenya hawajasahau tarehe 31 Januari, 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo, lori la petroli lilipopinduka na watu wakaja kuchota. Moto uliowaka uliua zaidi ya watu 100. Petroli ya karai ni kidogo, lakini tabia yake ni ile ile.

Mafuta ya taa yafaa zaidi. Hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi, ingawa nayo yapasa kutumiwa nje, mbali na jiko na sigara. Tena hayamalizwi kwa siku moja. Yakiachwa usiku kucha katika debe, uchafu hutuama chini, na asubuhi yaliyo juu humiminwa polepole yakatumiwa tena. Jambo moja lisisahauliwe: yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Watoto wengi wamedhurika kwa kunywa mafuta ya taa wakidhani ni kinywaji. Mtoto aliyekunywa asilazimishwe kutapika, maana mafuta yakiingia mapafuni ndipo hudhuru zaidi. Apelekwe hospitali mara moja.

Ama hatari ya chuma, hiyo hutoka katika kostiki soda. Fundi akiichovya bloku ya chuma cha kusubu katika maji ya moto yenye kostiki, grisi na rangi ya zamani hubanduka zote. Mwenye gari akiona hivyo hudhani dawa hiyo yafaa kwa kila kitu, akatia na kichwa cha silinda. Kumbe kichwa ni cha alumini! Kostiki huila alumini kama mchwa alavyo mti. Maji huanza kuchemka yenyewe, ikatoka hewa ya haidrojeni iwezayo kulipuka, na uso uliokuwa umenyooka sawasawa ukabaki na vishimo visivyoziba kwa gasketi yoyote. Peugeot 504, ambayo ilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968 na ikajulikana sana katika barabara za Kenya, ni mfano mzuri: bloku yake ni ya chuma, na kichwa chake ni cha alumini. Hata sufuria ya kuchemshia haifai, kwa kuwa nyingi ni za alumini vile vile.

Njia ya kutambua ni rahisi. Sumaku iliyotolewa katika spika ya redio iliyokufa yatosha. Ikishika, hicho ni chuma. Isiposhika, kisipelekwe karibu na kostiki. Hata chuma chaweza kusafishwa bila sumu hiyo, kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya moto ndani ya debe la bati. Alumini huoshwa kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni ya unga na maji ya uvuguvugu, kwa brashi ya nyuzi laini. (Jiwe la sabuni la Tabaka, lililo jirani, halisafishi kitu licha ya jina lake. Liachiwe wachongaji.)

Kabla ya kuosha, mashimo yote huzibwa kwa matambara, na kila vali hutiwa alama ili irudi mahali pake. Ubao uliotobolewa matundu yenye namba wafaa sana. Masizi makavu yasikwanguliwe na kupulizwa kwa mdomo. Injini zilizotumika kabla ya mwaka 2006, Kenya ilipoacha petroli yenye risasi, zaweza kuwa na risasi katika masizi yake, na gasketi za zamani huenda zina asbesto. Zilowanishwe kwanza, ndipo zikwanguliwe. Baada ya kuosha, chuma kikaushwe na kupakwa oili saa ile ile, maana katika unyevu wa Kisii kutu haingoji kesho. Ndani ya silinda hupanguswa kwa kitambaa chenye oili safi, tena na tena, mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Linabaki swali la maji machafu. Mto Gucha, uanzao katika vilima vya Nyamira, hupita hapo Ogembo na kuendelea mpaka Ziwa Victoria, na njiani watu huyachota maji yake na kunywesha ng'ombe. Kuoshea injini mtoni ni kumtilia jirani oili katika mtungi wake, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yakataza kuchafua maji. Wako wapakao oili chakavu katika nguzo za ua ili kuzuia mchwa. Desturi hiyo ni ya zamani, lakini mvua huiosha ikaingia udongoni, na oili hiyo ikizoea kugusa ngozi yaweza kuleta saratani. Heri ikusanywe katika mtungi wenye kifuniko na kupewa wanunuzi wa oili chakavu.

Anayetaka kupaka rangi apake nje tu, juu ya chuma kilichopanguswa kwa thina na kukauka kabisa. Rangi ya milango huungua. Itakiwayo ni ile istahimiliyo joto, nayo hupakwa nyembamba mara mbili au tatu kuliko nzito mara moja. Nyuso zinazokutana na gasketi zisiguswe na rangi wala msasa. Alumini yaweza kuachwa bila rangi. Injini ikiwashwa mara ya kwanza itatoa moshi kidogo na harufu ya rangi inayokauka, na mwenye gari aketi kando na kurunzi akitazama mahali palipokuwa pakivuja, kwa kuwa sasa tone moja tu la oili laonekana.