Tabo au Pumzi ya Kawaida? Nasaha kwa Kijana Anayetaka Gari la Michezo

Baada ya swala ya Isha, mzee mmoja na mwanawe walitujia barazani mwa msikiti ili tuwasuluhishe. Kijana ameweka akiba kwa miaka minne, naye anataka kuagiza kutoka Japani gari dogo la michezo lililotumika, lenye tabo. Baba amekataa katakata. "Ustadhi, huyu ananunua jeneza," alisema. Kijana akajibu kwa adabu: "Baba, fedha zangu ni za halali."

Tuliona si insafu kuhukumu jambo kabla ya kulifahamu.

Injini ya kawaida huvuta hewa kwa mwendo wa pistoni zake tu. Tabo ni pangaboi linalozungushwa na moshi utokao injini. Hushindilia hewa ndani ya silinda, hata injini ndogo ikatoa nguvu ya injini kubwa.

Mfano ulio wazi ni Mazda MX-5, iliyozinduliwa mwaka 1989 na ijulikanayo Japani kwa jina la Roadster. Katika miaka ya 2010, Fiat 124 Spider iliundwa katika kiwanda cha Mazda huko Hiroshima, juu ya umbo la chini lile lile, ila kwa injini ya Kiitaliano ya lita 1.4 yenye tabo. Mazda ya lita 2.0 ilifikia kilele cha mvuto wake, Nyutonimita 200, kwenye mizunguko 4,600 kwa dakika. Fiat ilifikia 240 kwenye 2,250 tu. Basi Fiat huvuta mapema, bila injini kupiga kelele. Mazda humtaka dereva aikamue injini, lakini nguvu yake hupanda hatua kwa hatua, ikiutii mguu papo hapo. Tabo huchelewa kidogo, kisha nguvu huja kwa mkupuo. Na katika gari la takriban tani moja, mkupuo huo kwenye kona yenye maji wahitaji dereva mzoefu.

Toyota nao, walipolalamikiwa kuwa gari lao la 86 la mwaka 2012 halina mvuto wa kutosha, hawakuweka tabo. Katika GR86 ya mwaka 2021 waliikuza injini kutoka lita 2.0 hadi 2.4.

Lipo pia suala la matunzo. Tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika katika joto kali, na uhai wake ni oili safi. Mwenye gari wa kwanza akizembea, mnunuzi hurithi deni asilolikopa. Kwa hiyo tulimwambia kijana aulize bei ya tabo kabla ya kuuliza bei ya gari, na atazame kama bomba linatoa moshi wa buluu.

Kwa mzee tulisema: kukosa tabo hakumfanyi mtu salama, kasi ni ya mguu. Kwa kijana: mali ya halali nayo ina hesabu yake, na israfu huingia hata kwenye halali.

Kijana akakubali kutafuta lisilo na tabo, na tofauti ya bei aiweke kwa matairi na breki.

Mzee akatulia, kisha akauliza: "Lina viti vingapi?"

"Viwili, baba."

"Na mama yako tukimpeleka hospitali, nani atabaki?"

Kijana aliinamisha kichwa. Mpaka tunaandika haya, hajaagiza gari lolote.

Wallahu a'lam.