Deni la Elimu na Ujira wa Mhandisi wa Kemia: Makala ya Pili

Katika makala yaliyotangulia tulizungumza juu ya karo na namna inavyopatikana; leo yatupasa kuingia katika hesabu yenyewe, nayo ni hesabu inayowahusu wazazi wa Mau Narok kuliko wanavyodhani. Katika nyanda hizi za juu zinazolimwa ngano, shayiri na viazi, mzazi ambaye mwanawe amepata alama za kumwingiza katika uhandisi wa kemia, mathalan katika Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret, huambiwa na kila ampongezaye kwamba wahandisi hulipwa vizuri, na neno hilo humtosha akatia sahihi yake pasipo kuuliza mshahara huo utaanza lini. Rai yangu ni kwamba swali la lini lina uzito kuliko swali la kiasi gani.

Mikopo ya serikali ya Kenya kwa wanafunzi si jambo la jana. Mfuko wa kwanza uliundwa mwaka 1952, zama za ukoloni, kwa ajili ya waliokwenda kusoma ng'ambo. Mwaka 1974 ukafuata mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Na mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo watu wote huiita HELB. Riba yake kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na mwenye kukawia hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi.

Natuchukue mwanafunzi wa utaratibu wa zamani, wa kabla ya 2023, ambao mkopo wake ulikuwa baina ya shilingi 35,000 na 60,000 kwa mwaka. Akikopa kiwango cha juu kwa miaka 5 ya uhandisi, atatoka chuoni na deni la 300,000, ambalo riba yake ni 12,000 kwa mwaka, yaani 1,000 kwa mwezi. Na hilo si la kumtia mtu hofu, kwa kuwa hakuna benki itakayomkopesha kijana asiye na dhamana kwa bei hiyo. Lakini faini ya mwaka mzima ni 60,000, ambayo ni riba hiyo mara tano. Kwa hiyo mhitimu atakayekaa miaka 2 bila kazi baada ya ule mwaka wa kungojewa, atakuta faini peke yake imefika 120,000 kabla hajashika hata shilingi moja ya mshahara. Ni kweli kwamba Bodi imepata kutangaza msamaha wa faini, na msamaha ni jambo jema. Ila aghalabu hupewa yule awezaye kulipa asili ya deni kwa mkupuo, na asiye na kazi atautoa wapi mkupuo huo? Fauka ya hayo, tangu utaratibu mpya wa mwaka 2023, unaogawa gharama baina ya ufadhili, mkopo na mfuko wa mzazi, deni la anayesomea uhandisi laweza kuwa kubwa kuliko hilo la mfano wetu.

Je, kazi ipo? Ipo, lakini baadhi ya waajiri wakubwa wa fani hii wameondoka au wameyumba. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza mwaka 1963, kiliacha kusafisha mwaka 2013. Cha karatasi cha Webuye kilisimama mwaka 2009. Na cha sukari cha Mumias kikatiwa mikononi mwa msimamizi wa madeni mwaka 2019. Waliobaki ni Magadi na magadi yake, Olkaria na mvuke wake unaozalisha umeme tangu 1981, watengenezaji wa bia wanaonunua shayiri yetu, na viwanda vya sabuni na mafuta ya kupikia vya mjini Nakuru.

Nasi tunao ushahidi wa karibu zaidi wa kazi inayopotea, nao ni pareto. Ua lile jeupe lenye kitovu cha njano huficha sumu ya wadudu katika mbegu zake changa. Likichumwa na kukaushwa huenda kiwandani Nakuru, likasagwa, likapitishiwa kiyeyushi kinachoichukua sumu ile na kuacha makapi, kisha kiyeyushi kikavukizwa na kukusanywa kitumike tena, na mafuta yaliyobaki yakasafishwa. Kazi hiyo, tangu kinu hadi pipa, ndiyo anayofundishwa mhandisi wa kemia kwa miaka mitano. Kenya ilipata kuuza sehemu kubwa kabisa ya pareto ya dunia, na watoto wengi wa Mau Narok walisomeshwa kwa fedha za ua hilo. Malipo ya wakulima yalipocheleweshwa miaka na miaka, wakang'oa pareto wakapanda viazi, kiwanda kikakosa maua, na kwa pigo moja ikapotea karo ya mtoto na kazi ambayo angeisomea. Jambo hili lanihuzunisha kila nikilifikiri.

Liko na deni lisiloandikwa katika daftari la Bodi: ekari zilizokodishwa kwa misimu kadhaa, na ng'ombe wa maziwa aliyeuzwa ili kitanda cha hosteli kilipiwe. Mzazi na aliandike hilo pia, pamoja na mazao ambayo ekari zile zingempa, maana mshahara wa mwanawe utadaiwa na pande zote mbili.

Tuseme basi kijana ameajiriwa kwa shilingi 40,000. Kabla ya kodi na akiba ya uzeeni, bima ya afya humkata asilimia 2.75 na ada ya nyumba asilimia 1.5, jumla 1,700. Akilipa deni la 300,000 kwa miezi 60, asili na riba hukaribia 6,000 kwa mwezi hapo mwanzo, ambayo ni asilimia 15 ya mshahara, naye aweza kuyavumilia. Bali akianza kwa 25,000, mzigo ule ule wampokonya karibu robo. Wenzetu wa Tanzania wameufunga mkato wenyewe kwenye mshahara, asilimia 15, hivyo kijana wa 25,000 angetoa 3,750 na deni lake likaenda polepole. Na mwaka 2021 wakaifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilinenepesha deni kila mwaka. Sheria yetu ya 1995 yaweza kurekebishwa vivyo hivyo, faini isianze kuhesabiwa mpaka mtu apate ujira wa kwanza, na wabunge wetu wa Nakuru wana haki ya kulipeleka jambo hilo Bungeni. Katika makala ya tatu tutaitazama stashahada ya vyuo vya ufundi, ambayo muda wake ni mfupi na deni lake ni dogo, tuone kama ujira wake unaifikia shahada hii au la.