Mwizi Anayeanza kwa Kuiba Macho

Juni 1964, katika toleo la 13 la The Amazing Spider-Man, watu wa New York waliamini kwamba Spider-Man amegeuka jambazi. Walimwona wenyewe akiparamia ukuta na kutoweka na fedha. Aliyekuwa ndani ya nguo zile, hata hivyo, alikuwa Quentin Beck, fundi wa kutengeneza mauzauza ya sinema. Baada ya kulichafua jina la mwenzake, Beck huyohuyo akajitokeza na jina la Mysterio, kichwa amekificha ndani ya tufe, akajitolea kumkamata mhalifu aliyembuni mwenyewe. Stan Lee aliandika, Steve Ditko akachora.

Mimi nazipenda zaidi kurasa za mwisho. Beck anadhani ameshinda, kwa hiyo anajigamba na kueleza kila kitu: moshi unatoka kwenye viatu, utando wa Spider-Man unayeyushwa kwa kemikali, ukuta aliupanda kwa vifaa vya kunata. Hakuna jini wala uchawi, ni vyombo na mazoezi. Na wakati anaeleza, Spider-Man anamrekodi.

Naandika haya nikiwa Mnazi, kwenye kibanda changu cha uwakala wa fedha kwa simu. Mnazi iko Wilaya ya Lushoto, lakini mtu akisikia Lushoto akafikiria ukungu, baridi na matunda, huyo anawaza kule juu. Sisi tuko chini, nyikani, upande wa kaskazini wa Usambara Magharibi. Huku ni joto, mkonge na vumbi, na Mto Umba unatupita ukitafuta pwani ya Kenya. Vitabu vya katuni vilinifikia kupitia kaka yangu aliyekuwa kibaruani Mombasa. Kila aliporudi alikuja na mafungu ya vitabu vikuukuu vya Kiingereza, vingine havina jalada. Magazeti ya katuni ya Sani yalikuwapo nyumbani tangu zamani, yamehifadhiwa chini ya kitanda cha baba. Nilianza kwa kutazama picha, baadaye nikasoma. Na kati ya maadui wote wanaopambana na steringi, walionishika ni hawa wasiotumia nguvu wala bunduki, wanaokufanya uone kisichokuwapo au utende usichokusudia.

Wako wengi. Mkongwe mmoja ni Ringmaster, aliyetokea Septemba 1962 katika toleo la tatu la The Incredible Hulk. Ana sarakasi inayozunguka miji midogo. Watu wanalipa kiingilio, wanakaa, taa zinawaka, naye anawatazama kupitia kofia yake hadi umati mzima unapumbaa, kisha genge lake linaupora mji. Jervis Tetch, Mad Hatter, alianza katika Batman namba 49 ya Oktoba 1948 akiwa mwizi tu. Waandishi wa baadaye ndio waliompa kofia zenye mitambo ya kutawala akili. Mastermind alitokea katika X-Men namba 4 ya Machi 1964. Huyo anaweza kukuonyesha ukuta mahali palipo wazi.

Anayenitisha kuliko wote ni Killgrave, mtu wa rangi ya zambarau, katika Daredevil namba 4 ya Oktoba 1964. Mwili wake unatoa kemikali inayomfanya aliye karibu naye atii. Anaingia benki, anaomba fedha, karani anampa. Hapigi wala hatishi. Brian Michael Bendis na mchoraji Michael Gaydos walimrudisha katika mfululizo wa Alias ulioanza mwaka 2001, na safari hii walimtazama zaidi aliyetendewa, mwanamke aitwaye Jessica Jones. Wengi huku waliijua hadithi hiyo kupitia tamthilia ya televisheni ya 2015. Jessica ana nguvu za kuinua gari, lakini kinachomlemea ni swali analojiuliza kila siku: kwa nini nilikubali? Hilo swali nalijua. Naliona kwenye nyuso za watu waliosimama mbele ya dirisha la kibanda changu.

Kabla sijafika huko, niseme kidogo juu ya kupumbaza kwenyewe. Nilipokuwa shule ya msingi walikuja watu wa mazingaombwe, kama walivyopita katika shule nyingi za nchi hii. Mmoja alitafuna nyembe, akatoa utepe mrefu wa karatasi mdomoni, akageuza gazeti likawa noti. Wenzangu walitazama noti. Mimi, kwa kuwa nilizoea kuhesabu mistari kwenye picha, nilitazama mikono. Kila mkono wa kulia ulipopanda hewani, macho ya shule nzima yalipanda nao, na hapohapo mkono wa kushoto ulikuwa ukiingia ndani ya koti. Msaidizi wake alituamuru tupige makofi kwa sauti kubwa, na makofi hayo yalikuja kila mara mkono wa kushoto ulipokuwa na kazi. Sikuona mbinu zote. Lakini niliondoka nikijua kwamba macho ya umati yanaweza kupelekwa mahali fulani, kwa makusudi, na mtu mmoja.

Wanasayansi wamelipima jambo hili. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris wa Marekani walichapisha jaribio ambalo watu walitazama video ya vijana wanaopasiana mpira na kuombwa wahesabu pasi. Katikati ya mchezo anapita mtu aliyevaa vazi la sokwe, anasimama, anajipiga kifua, anaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona.

Kupumbaza kwa maneno nako kuna historia yake. Franz Anton Mesmer, daktari aliyehama Vienna na kufika Paris mwaka 1778, alidai kwamba anatibu kwa nguvu ya sumaku iliyomo mwilini, na matajiri walipiga foleni kwake. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume, na mmoja wa wajumbe alikuwa Mmarekani Benjamin Franklin. Katika bustani ya Franklin mti mmoja ulitiwa hiyo sumaku, kisha kijana aliyefungwa kitambaa machoni akapitishwa mti hadi mti. Alizimia, ila alizimia kwenye mti ambao haukuguswa kabisa. Tume ikahitimisha kwamba kilichofanya kazi ni fikra za mgonjwa mwenyewe. Baadaye, katika miaka ya 1840, daktari wa Uskoti James Braid aliichukua elimu hiyo na kuisafisha, na leo hutumika katika tiba za maumivu na hofu. Anayepumbazwa hivyo hageuki mtumwa. Kwa sehemu kubwa anashirikiana na anayemwongoza.

Je, imewahi kutumika kuiba? Machi 1951 huko Copenhagen, Denmark, Palle Hardrup aliingia benki na bastola akaua watu wawili. Ilidaiwa kwamba mtu aliyekutana naye gerezani, Bjørn Schouw Nielsen, alikuwa akimpumbaza kwa muda mrefu. Mwaka 1954 mahakama ilimhukumu Nielsen kifungo cha maisha. Wataalamu wanabishana juu ya kesi hiyo hadi sasa. Kinachonivutia ni jinsi Nielsen alivyompata mtu wake: alimkuta amefungiwa, mbali na watu wake.

Sasa nirudi Mnazi. Mzee mmoja, aliyetumia ujana wake kwenye mashamba ya mkonge, alikuja kibandani asubuhi simu ikiwa sikioni. Nikamwambia, "Shikamoo babu." Hakuitikia. Kwetu mzee kupita bila kuitikia shikamoo ni jambo la kushtua, na huyu ni mtu ambaye siku zote huuliza habari za watoto mmojammoja. Akanyoosha kidole ninyamaze, akaweka noti dirishani, akanionyesha namba aliyoiandika kiganjani kwa kalamu. Fedha za mbuzi wake. Alitaka ziende kwenye namba ile, upesi.

Nilikuwa nasikia sauti ndani ya simu ile. Kijana, Kiswahili safi, mpole. Anamwita "mzee wangu". Anasema anatoka kampuni ya simu, kwamba laini ya mzee imeingia kwenye matatizo, itafungwa na fedha zake zote zitazuiwa, asikate simu hata sekunde moja, na tena asiongee na wakala kwa sababu mawakala ndio wezi. Mara sauti ya pili ikaingia, nzito, ikajitambulisha kuwa ofisa mkubwa. Nyuma yao kulikuwa na kelele za watu wengine kama ofisini.

Nikamwambia, "Babu, mtandao umekata." Ilikuwa njia ya kupata muda. Kisha nikamuuliza kwa sauti ya juu jina la mjukuu wake anayesoma Mlalo. Akanitazama. Nikauliza tena: yuko darasa la ngapi? Mdomo wake ukafunguka kujibu, na simu ikashuka kutoka sikioni. Nikampa kiti na maji. Yule kijana mpole, alipoona kimya, akaporomosha matusi na kukata.

"Nilikuwa namsikia yeye tu," babu aliniambia baadaye. "Hata wewe nilikuona kwa mbali."

Tazama kilichofanyika. Simu isiyokatwa ilimtenga na watu, kama Hardrup alivyotengwa gerezani. Haraka ilimnyima nafasi ya kufikiri. Kelele za ofisi na ofisa wa pili ni mapambo ya jukwaani, kazi ileile ya moshi wa Mysterio. Na katazo la kuongea na wakala lilikuwa la kuniondoa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pembeni, naona mkono wa kushoto.

Lakini jioni habari ilipozunguka kijijini ilibadilika. Ikawa babu amepumbazwa kwa dawa, kwamba siku hizi matapeli wana uwezo wa kukupulizia kupitia simu. Yeye mwenyewe aliipokea habari hiyo, na namwelewa. Kusema ulirogwa hakuumi kama kusema ulidanganywa na kijana wa umri wa mjukuu wako. Hasira yangu haiko kwake. Iko kwa faida anayoipata mwizi: akishaitwa mchawi, hakuna anayeandika namba yake wala kwenda polisi. Ni hivyohivyo mwenye duka anapopungukiwa na fedha akasema ni uchawi wa chuma ulete. Anatafuta kinga ya droo, na daftari halikaguliwi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Ujumbe wa kitapeli, ule wa "ile hela itume kwenye namba hii", hutumwa pamoja na namba ya aliyeuleta kwenda 15040. Ukibonyeza *106# utaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nimeyabandika haya ukutani na ninamwonyesha kila anayenisikiliza.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilijua jambo hili, la uchawi kumficha mhalifu, kabla ya Mysterio kuzaliwa. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Tajiri Bwana Ali ameuawa na maiti imekutwa mzimuni, mahali pa kutambikia. Woga wa mizimu ungetosha kuimaliza kesi. Mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anaendelea kumtafuta mtu mwenye mikono na sababu.

Sani nayo, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ilitupa Ndumilakuwili, mjanja wa mjini aliyechorwa na Philip Ndunguru. Huyo hakuhitaji kofia ya mitambo, ulimi wake ulitosha. Ndunguru alifariki 1986, bado kijana, na kila nikiitazama kazi yake najiuliza angemchoraje tapeli wa leo.

Mimi huchora kwa ajili ya watoto wanaokuja kibandani mchana, kwa kalamu ya mkaa nyuma ya mabango yaliyokwisha muda. Lakini mimi ni wakala, na kazi hii inahitaji wachoraji wa kweli, wale wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Ninawaomba watuchoree adui wa Kiswahili asiyeonekana uso, mwenye sauti tu. Kurasa za mwanzo zimwonyeshe mzee na simu yake. Kisha mchoraji aufungue ukuta wa upande wa pili: chumba kimoja, godoro sakafuni, kijana mpole na lundo la laini za simu, mwenzake anayejifanya ofisa akila chipsi, redio ndogo inayopiga kelele za ofisi, na daftari la namba lenye jina la babu limekatwa mstari. Picha hiyo iwe kubwa, ijaze ukurasa mzima, na kila kitu kichorwe waziwazi hadi mtoto wa darasa la tatu aweze kunyoosha kidole na kusema hiki ni cha nini.