Kabla ya kumzoesha mtoto mwenye sindromu ya Down kulala, hakikisha anapumua vyema

KUMZOESHA mtoto mchanga kulala mwenyewe usiku ni suala linalozidi kuzungumzwa na wazazi wa mijini, hasa akina mama wanaolazimika kurejea kazini mara baada ya kumalizika kwa likizo ya uzazi, ambayo kwa Tanzania ni siku 84.

Njia inayotajwa zaidi ni ile iliyopata umaarufu nchini Marekani mwaka 1985, baada ya Dk. Richard Ferber, daktari wa watoto wa mjini Boston, kuchapisha kitabu kuhusu matatizo ya usingizi wa watoto. Kwa njia hiyo, mtoto hulazwa akiwa bado macho na mzazi hutoka chumbani. Mtoto anapolia, mzazi husubiri dakika chache kabla ya kwenda kumtuliza, na muda wa kusubiri huongezwa kidogo kidogo.

Kwa watoto wenye afya njema waliotimiza miezi sita, utaratibu huo umewasaidia wengi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2012, ambao uliwafuatilia watoto hadi walipofikia umri wa miaka sita, haukubaini madhara ya muda mrefu.

Hata hivyo, kwa mtoto aliyezaliwa na sindromu ya Down lipo swali linalopaswa kujibiwa kwanza. Je, anaamka kwa kuwa hajazoea kulala peke yake, au anaamka kwa kuwa pumzi imemkatika?

Sindromu ya Down ni hali inayotokana na mtoto kuzaliwa akiwa na kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili. Chanzo hicho kilitangazwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 1959. Hali hiyo haiambukizi, si laana, wala haitokani na kosa lolote alilolifanya mama wakati wa ujauzito.

Miongoni mwa mambo yanayoambatana nayo ni kulegea kwa misuli, ikiwemo ya ulimi na koo. Aidha, sehemu ya kati ya uso huwa ndogo na njia ya pua huwa nyembamba, kiasi kwamba mafindofindo au nyama za pua zikivimba hata kidogo, hewa hupita kwa shida.

Mtoto anaposinzia, misuli hiyo hulegea zaidi, ulimi hurudi nyuma na njia ya hewa huziba kwa sekunde kadhaa. Oksijeni mwilini hupungua, na ubongo humshtua mtoto ili avute pumzi. Jambo hilo laweza kujirudia mara nyingi kwa usiku mmoja, pengine bila mtoto kufumbua macho.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kwa upande wa mazoea usemi huo ni wa kweli. Lakini mtoto anayeamka ili apate hewa hana tabia mbaya ya kurekebishwa. Akiachwa alie hadi achoke, tatizo lake litabaki palepale.

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani (AAP), katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinaeleza kuwa nusu ya watoto wenye sindromu ya Down, au zaidi ya hapo, hupatwa na tatizo hilo la kuziba kwa pumzi usingizini. Kwa sababu hiyo, kinashauri kila mtoto mwenye hali hiyo afanyiwe kipimo cha usingizi cha usiku kucha akiwa na umri wa kati ya miaka mitatu na minne, hata kama hana dalili yoyote.

Sababu ya ushauri huo ni kwamba maelezo ya wazazi mara nyingi hayalingani na kile kinachoonekana kwenye vipimo. Mtoto mwenye dalili hatakiwi kusubiri umri huo, bali apelekwe mapema kwa daktari bingwa wa watoto au wa masikio, pua na koo.

Dalili za kuangaliwa ni pamoja na kukoroma, kuhema kwa nguvu hadi kifua kubonyea ndani, kunyamaza kwa pumzi kunakofuatiwa na kushtuka, na kutokwa na jasho jingi. Wapo pia wanaolala wamekaa huku wameinama mbele, au wamekunja shingo kwa nyuma. Mchana, mtoto huweza kusinzia ovyo au kuhangaika bila kutulia.

Hatari iliyopo ni kwamba ndugu na majirani huziona dalili hizo na kusema ndivyo mtoto alivyo. Kumbe usingizi unaokatika huathiri ukuaji na uwezo wa kujifunza. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro za moyo, na upungufu wa oksijeni huweza kuongeza shinikizo katika mishipa ya mapafu.

Kipimo kamili cha usingizi hakipatikani katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Mzazi anaweza kuanza kwa kumrekodi mtoto kwa simu anapolala, kisha amwonyeshe daktari. Daktari naye anaweza kuagiza oksijeni ipimwe usiku kucha kwa kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni au mguuni, ingawa majibu mazuri ya kipimo hicho hayatoshi kuondoa shaka yote.

Tiba ya kwanza kwa wengi ni upasuaji wa kuondoa mafindofindo na nyama za pua. Kwa kuwa tatizo hubaki kwa baadhi yao, mtoto hupaswa kupimwa tena. Wengine husaidiwa na mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa.

Mbali na pumzi, daktari aridhike kuhusu moyo, tezi ya thairoidi na uzito. Katika wiki za mwanzo, watoto hawa huweza kulala mno na hata kuamshwa ili wanyonye. Si busara kuwapunguzia maziwa ya usiku kabla daktari hajaridhishwa na uzito wao.

Mambo hayo yakishakuwa sawa, mtoto mwenye sindromu ya Down anaweza kabisa kujifunza kulala mwenyewe, ila huhitaji muda zaidi na marudio mengi. Mpangilio wa kila jioni uwe uleule: aoge, anyonye, taa ififishwe, aimbiwe wimbo mmoja, kisha alazwe akiwa bado macho.

Badala ya kutoka chumbani mara moja, mzazi anaweza kukaa kando ya kitanda akimwekea mkono kifuani, na kusogeza kiti mbali kidogo kila baada ya siku chache. Njia hii inafaa hata kwa familia inayoishi chumba kimoja. Bibi, baba na dada wa kazi wote wafuate utaratibu mmoja, kwani mmoja akimbeba mgongoni kila anapolia, kazi huanza upya.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe chali juu ya godoro gumu lililo tambarare, bila mto, ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Kumwinua kichwa kwa mto kwa kudhani atapumua vyema ni hatari. Vivyo hivyo, asipewe piritoni au dawa nyingine yoyote ya kumletea usingizi bila maelekezo ya daktari.

Kwa mzazi ambaye mwanawe angali akiamka mara kwa mara usiku, hatua ya kwanza ni kukaa karibu naye wakati amelala, kwa ukimya, na kuisikiliza pumzi yake.